Picha Tatu Nilizozifuta

Naitwa Blandina, kwetu Rombo, na kazi yangu ni kupiga watu eksirei katika hospitali moja hapa Karatu. Mwaka wa kumi na moja huu. Nasema mapema usije ukadhani nilikosea kwa ugeni. Ugeni sina. Nilichonacho ni haraka na mdomo, na hivyo viwili ndivyo vilivyoniponza.

Alhamisi ile nilikuwa nimekaa kwenye ukumbi wa hoteli ya watalii nje kidogo ya mji, nimevaa kitenge changu cha kwendea harusi. Ulikuwa mkutano wa wataalamu wa mionzi. Walitoka Dar, Dodoma, Arusha, na wengine hospitali ndogo kama sisi. Yalikuwa yamekusanywa maswali zaidi ya mia, ya namna ya kutumia mionzi hospitalini na namna ya kuwakinga watu nayo, na siku ile yalitakiwa kuchujwa yabaki kumi. Hayo kumi ndiyo yangefanyiwa utafiti kwanza, mengine yasubiri. Kila mtu alipewa vidoti vitano vyekundu vya gundi, akabandike kwenye swali ambalo yeye anaona haliwezi kusubiri.

Mimi sikualikwa kwa akili zangu. Nilialikwa kwa sababu ya takwimu. Picha ya eksirei ikiharibika mgonjwa anarudiwa, na kila kurudiwa ni mionzi mingine mwilini mwake, kwa hiyo hospitali zinatakiwa kuandika ni ngapi zimerudiwa. Yetu, kwa miaka miwili mfululizo, ilikuwa inaongoza kanda nzima kwa kurudia picha chache. Mganga mfawidhi wetu, Dakta Joel, alikuwa amezibandika takwimu hizo mpaka kwenye mlango wa maabara. Saa tano nilitakiwa nisimame mbele niwaeleze wenzangu tunafanyaje.

Tunafanyaje? Nazifuta. Hiyo ndiyo siri yote. Picha ikiwa mbaya naifuta kwenye kompyuta kabla haijaingia kwenye hesabu, napiga nyingine, naandika moja. Nilianza siku moja nilipogombezwa mbele ya wagonjwa, nikaona ni rahisi, nikazoea. Sikuwahi kufikiri kuna mtu atakuja kuzihitaji zile zilizofutwa.

Sasa nikueleze habari ya Nanyokie.

Wiki sita kabla ya mkutano aliletwa binti wa Kimaasai kutoka Piyaya, mbali huko ng'ambo ya hifadhi, kaanguka na pikipiki, hawezi kusimama. Alikuwa amejifunga shuka lake, shanga kibao, kauma meno kwa maumivu. Taratibu zinasema mwanamke yeyote wa umri wa kuzaa aulizwe kama ana mimba kabla hujampiga picha ya nyonga. Nikamwita mzee Lekishon, mlinzi wa getini, ambaye siku zote ndiye mkalimani wetu wa Kimaasai. Nikamwambia muulize kama ana mimba. Wakasemezana maneno mawili matatu, mzee akanigeukia akasema hana. Nikatia vema kwenye fomu nikaendelea. Foleni ilikuwa imefika nje kwenye maua.

Picha ya kwanza ikatoka na shanga zimekaa katikati ya nyonga. Ya pili akajitikisa kwa maumivu. Ya tatu nilikosea mwenyewe, nilipunguza nguvu ya mashine kupita kiasi, ikatoka chengachenga tupu. Ya nne ikakubali, na ya tano, ya kutoka upande mwingine, nayo ikakubali. Nyonga ilikuwa imevunjika sehemu mbili. Nikafuta tatu, nikaandika mbili, mgonjwa akaenda wodini na mimi nikaita anayefuata.

Jumatatu ya wiki ya mkutano akarudi kliniki ya mifupa, anatembea na fimbo, kaletwa na mama mkwe wake, Resiato. Katarina, muuguzi wa pale, mtu asiyepitwa na kitu, akamwangalia mara moja tu akampeleka kwenye altrasaundi. Mimba ya miezi mitatu na nusu. Hesabu hiyo haihitaji chuo. Siku niliyompiga picha alikuwa na mimba ya miezi miwili.

Nilimwendea mzee Lekishon getini nimewaka. Nikamuuliza, siku ile ulimuuliza yule binti au hukumuuliza? Akawa anaangalia magari ya watalii yanayopanda kwenda hifadhini, kwenye kreta. Mwishowe akasema hakumuuliza. Baba yake Nanyokie ni wa rika lake, walitahiriwa pamoja, na binti wa mtu wa rika lako ni binti yako kabisa. Mwanaume mwenye adabu hawezi kumtamkia binti yake habari za mimba. Kwa hiyo alimuuliza kama tumbo linamuuma, binti akasema haliumi, na mzee akaniletea jibu hilo.

"Ningemuulizaje, mama?" akaniambia taratibu. "Wewe baba yako anaweza kukuuliza mambo hayo, tena umelala kitandani mbele ya watu?"

Nilitaka kumrukia. Halafu nikakumbuka kwamba kwa miaka kumi na moja yeye ndiye niliyekuwa namtuma kuuliza. Wanawake wote wa Kimaasai waliopita mlangoni kwangu, Piyaya, Oloipiri, kote huko, wote majibu yao yalikuwa hana. Wote! Na mimi, na elimu yangu, sikushangaa hata siku moja.

Habari za wodini hazikai. Mgonjwa mmoja kwenye benchi alishamwambia Resiato kwamba mtoto aliyepigwa eksirei tumboni huzaliwa hana mikono. Resiato akaja mlangoni kwangu, Nanyokie amesimama nyuma yake kainamisha kichwa kama mkwe anavyotakiwa, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha mnadani picha zilikuwa ngapi. Sijui ni shetani gani alinipitia. Nikasema, "Mbili tu, mama. Hazina neno." Niliongea haraka kama kawaida yangu, na mikono ilikuwa inapanga faili zilizokwisha kupangwa, na yule mama alikuwa anatazama mikono. Akasema maneno ya mlangoni hayataki. Anataka karatasi yenye jina na sahihi ya mtu anayejua mambo hayo, akawaonyeshe wanaume nyumbani. Wangerudi Alhamisi. Saa saba mchana ikipita bila karatasi, angempeleka mkwewe Rhotia, hapa jirani, kwa mama mmoja anayetoa dawa za kutoa mimba. Hawezi kumpelekea mwanawe mtoto asiye na mikono. Hakusema kwa ukali, alisema huku analia, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi siku tatu.

Maana mimi nilikuwa sijui. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Nilisoma chuoni kwamba picha moja mbili za nyonga mionzi yake ni midogo, lakini tano? Kwa mashine ile iliyochoka, ambayo kila mwaka tunaipandishia nguvu ili picha ionekane? Usiku nilikuwa nahesabu kwenye vidole nachanganyikiwa. Kosa lilikuwa langu, na anayetaka kulipia alikuwa kiumbe ambaye hajazaliwa.

Saa tatu asubuhi, tuko ukumbini tunajitambulisha, simu ikatikisika mfukoni. Ni Katarina. Ameandika, wamefika, wako kwenye benchi, mama mkwe hataki hata chai.

Wakati wa mapumziko nilimvizia mtu mmoja aitwaye Felisiani. Ametoka Arusha, kazi yake ni kupima mionzi inayoingia kwenye miili ya watu, na kwa kanda yetu anayejua zaidi yake hakuna. Mwembamba, anakunywa chai bila sukari, anasikiliza huku anakutazama puani. Nikamwambia, kaka, tuseme kuna mama mjamzito kapigwa picha tano za nyonga bila kujua, mtoto atapona? Akauliza hospitali gani, lini. Nikamwambia wiki sita zilizopita, kwetu. Akafungua kompyuta yake, akatafuta taarifa tunazozituma Arusha kila mwezi, akasoma.

"Hapa zipo mbili," akasema.

Nikasema, lakini tuseme ni tano.

"Dada, barua yenye jina langu siandiki kwa tuseme. Kwa hizi mbili zilizoandikwa naweza kuandika sasa hivi, kabla chai haijapoa."

Na kweli akachukua kalamu. Jamani, nisikufiche, nilimwacha aandike tarehe. Nilimwacha aandike na jina la hospitali. Mbele yangu palikuwa na kila kitu ninachokitaka: Resiato anapata karatasi, dawa ya Rhotia hainywewi, Dakta Joel anapata sifa zake, mimi narudi kwenye mashine yangu Ijumaa. Kosa la barua hiyo lilikuwa moja tu, kwamba isingekuwa ya mtoto yule. Ingekuwa ya mtoto mwingine aliyepigwa picha mbili. Na kama kwa tano kuna tatizo, mimi ndiye ningekuwa nimemficha mama yake.

Nikasema subiri. Akanitazama. Kabla sijafungua mdomo tukaitwa ndani, na mtangazaji akataja jina langu.

Kwenye ukuta wakaweka jina la hospitali yetu kwa herufi kubwa na mstari wa kijani unaoshuka. Dakta Joel alikuwa mstari wa mbele, miguu kakunja, anatabasamu. Makofi yakapigwa. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi, nikaitazama, nikaikunja.

Nikawaambia mstari ule wa kijani ni wa uongo na aliyeuchora ni mimi. Nikawaeleza ninavyofuta. Nikawaeleza habari ya Nanyokie bila kumtaja jina, picha tano, shanga, kujitikisa, na nguvu ya mashine niliyotumia kwa kila moja, maana hizo nilikuwa nazikumbuka kama namba za simu ya mama yangu. Nikawaeleza na mzee wa getini na adabu yake.

"Kwenye orodha yenu ya maswali mia nimetafuta swali moja sijaliona," nikasema. "Wanawake wetu wanaulizwa na nani kabla ya picha, na kwa mdomo wa nani? Mimi nimeuliza miaka kumi na moja na sijawahi kuuliza. Sasa kuna mama yuko kwenye benchi mpaka saa saba anataka kujua mtoto wake ataishi vipi, na namba zangu ni za uongo. Naomba mtu anisaidie kuhesabu hizi za kweli."

Felisiani alikuwa ameshainamia karatasi. Aliniuliza unene wa mgonjwa, umbali wa mashine, akaniuliza tena nguvu ya ile ya tatu. Watu wazima arobaini wakakaa wanamsubiri mtu mmoja aandike. Mimi niliangalia saa ya ukutani, saa sita kasoro, na nikawa naomba Mungu kimoyomoyo kama mtoto wa komunyo ya kwanza.

Akasimama. Akasema hata akizihesabu zote tano kwa ubaya wote wa mashine ile, mionzi iliyomfikia mtoto ni kidogo sana, haifiki hata sehemu ya kumi ya kiasi kinachojulikana kuharibu viungo. Hatari haiwezi kuitwa sifuri, lakini ni ndogo mno, na hakuna mtaalamu anayeweza kumshauri mama huyo aitoe mimba kwa sababu hiyo. Akararua ile karatasi ya mwanzo, akaanza kuandika nyingine.

Nilikaa sakafuni palepale. Mama mmoja wa Dodoma akaja kunishika bega. Dakta Joel hakuja. Alinisubiri mlangoni, nimeshika barua, akaniambia kwa sauti ya chini nisiguse mashine mpaka nitakapoitwa na kamati, na kwamba nimemvua nguo mbele ya nchi nzima. Nikamwambia pole, daktari, na nilimaanisha, lakini miguu ilikuwa inataka kwenda. Nikapanda bodaboda.

Saa saba kasoro dakika kumi niko hospitali. Walikuwa bado pale, Resiato ameshika mfuko wake tayari kwa safari, Nanyokie amekaa upande upande kwa sababu ya nyonga. Nikasema mtoto ni mzima, mama, mtoto hana neno, karatasi hii hapa. Nikageuka kumtafuta mzee Lekishon aje awaeleze vizuri.

Resiato akaipokea karatasi kwa mikono miwili, hakuitazama, akampa mkwewe. Nanyokie akasoma. Alisoma kimya, kidole kinafuata mstari, akafika mwisho, akarudi juu akasoma tena. Kisha akamwambia mama mkwe wake kwa Kimaasai, maneno mengi, na nikaona mabega ya yule mama yanashuka.

"Hapa wameandika picha tano," Nanyokie akasema. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu. "Jumatatu ulisema mbili."

Nikamweleza. Sikujitetea sana, nilieleza tu, zipi niliandika na zipi nilifuta. Halafu kwa ujinga nikamuuliza kama siku zote anajua Kiswahili.

"Nimesoma mpaka kidato cha pili."

"Sasa siku ile mbona hukuniambia una mimba?"

"Hukuniuliza mimi, dada. Ulimuuliza mzee, na mzee akaniuliza tumbo."

Ndipo simu ikatikisika, nikaiangalia ili nisimwangalie yeye. Ni Felisiani. Anasema swali langu limebandikwa vidoti vingi kuliko yote, limekuwa la kwanza katika yale kumi, wataanza nalo, hongera. Nikairudisha mfukoni.

Nanyokie akaikunja barua vizuri akaiweka ndani ya shuka lake. Akasema hataitoa mimba, Rhotia hawaendi, atazaa. Nikashukuru kwa sauti mpaka watu wakageuka. Lakini Katarina, aliyekuwa amesimama pembeni na faili, hakushukuru. Akamwambia mwanangu, basi tupange tarehe, maana nyonga iliyovunjika sehemu mbili huenda imefunga njia ya uzazi. Mtoto huyu yafaa azaliwe hapa, pengine kwa upasuaji. Ukishikwa na uchungu Piyaya utakufa njiani, wewe na yeye.

"Nitazaa nyumbani," Nanyokie akasema. "Wakunga wapo."

Katarina akanigeukia kama anayeomba msaada. Nikamshika Nanyokie mkono, nikamwambia mdogo wangu, sikiliza, hilo la mfupa siyo la kubahatisha, picha imeonyesha wazi kabisa, nimeiona kwa macho yangu.

Hakuutoa mkono wake. Alinitazama bila hasira yoyote, akauliza, "Picha ipi? Zile mbili, au zile tatu?"

Nikamwambia ni zile mbili, nikamwapia kwa Mungu, nikamwambia twende nikakuonyeshe kwenye kompyuta. Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama unavyomwitikia mtu mzima ambaye hutaki kumwaibisha. Kisha akachukua fimbo yake, akamshika mama mkwe wake bega, wakaenda kulivizia gari la Piyaya kabla geti la hifadhi halijafungwa. Katarina aliwafuata mpaka barabarani akiwasihi, na mimi nikabaki kwenye benchi.